Aliyeporwa Ardhi Hakuporwa Ulimi: Ushairi na Masimulizi ya Wachikano na ya Wakipsigis wa Nchi ya Chai

Utangulizi

Fasihi simulizi aghalabu hufundishwa kwa kuorodhesha tanzu, vipera na sifa zake. Mwanafunzi huambiwa kwamba ngano huburudisha, huadilisha na huhifadhi historia ya jamii. Naye huyakariri hayo na kuyaandika katika mtihani. Swali linaloulizwa kwa nadra ni hili: historia inapohifadhiwa katika wimbo au hadithi, huhifadhiwa kwa ajili ya nani, na dhidi ya nani? Swali hili lina uzito wa pekee kwa jamii ambazo ardhi yao ilitwaliwa kwa hati zilizoandikwa katika lugha ambayo wenyeji hawakuweza kuisoma. Kwa jamii kama hizo, kumbukumbu ya mdomo ndiyo hati pekee iliyobaki.

Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kulinganisha jamii mbili zilizo mbalimbali kijiografia lakini zinazokaribiana katika yaliyozifika. Ya kwanza ni Wachikano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Ya pili ni Wakipsigis wa Kericho na Bomet, kuanzia mashamba makubwa ya chai yanayouzunguka mji wa Kericho hadi Ndanai, upande wa Sotik. Hoja kuu ni kwamba ushairi na masimulizi hujenga utambulisho kwa wepesi, lakini kujenga haki ni kazi nyingine iliyo ngumu zaidi. Kazi hiyo hutimia pale ambapo sauti ya aliyedhulumiwa inamfikia jirani, na jirani naye akapata nafasi ya kusema.

Wachikano na mpaka uliowavuka

Vita kati ya Marekani na Meksiko vilikoma mwaka 1848 kwa Mkataba wa Guadalupe Hidalgo. Kwa mkataba huo Meksiko ilipoteza eneo kubwa ambalo leo linajumuisha majimbo ya California, Nevada na Utah pamoja na sehemu za majimbo mengine. Wakazi wa eneo hilo walilala wakiwa raia wa nchi moja, wakaamka wakiwa chini ya nyingine. Hawakuuvuka mpaka, mpaka ndio uliowavuka. Ingawa mkataba uliahidi kulinda mali zao, katika miongo iliyofuata wengi walipoteza mashamba yao mbele ya mahakama zilizotumia sheria na lugha ngeni kwao.

Kipera kilichobeba uchungu huo ni corrido, wimbo wa kusimulia tukio ambao mwanafasihi wa Kiswahili angeuweka katika kundi la rara. Corrido mashuhuri kuliko zote ni ile ya Gregorio Cortez, mkulima wa Texas. Mwaka 1901 liwali wa eneo lake alimwendea kumhoji kuhusu farasi aliyeibwa. Cortez aliulizwa kwa Kihispania kama alikuwa amebadilishana farasi dume. Akajibu kwamba hakufanya hivyo, kwa kuwa aliyembadilisha alikuwa farasi jike. Mkalimani hakuielewa tofauti ya maneno hayo mawili, akamwarifu liwali kwamba mtu huyo anakana. Katika vurumai iliyozuka ndugu yake Cortez alipigwa risasi, naye Cortez akamuua liwali. Alitoroka, akasakwa na mamia ya watu, akakamatwa na kufungwa hadi aliposamehewa mwaka 1913. Magazeti ya Kiingereza yalimwita mhalifu. Waimbaji wa mpakani walimwimba kama mtu aliyejitetea.

Mwaka 1958 Américo Paredes, msomi aliyezaliwa mpakani mwa Texas, alichapisha kitabu kuhusu corrido hiyo. Alizikusanya nakala mbalimbali za wimbo, akazilinganisha na kumbukumbu za mahakama na magazeti, akaonyesha kwamba waimbaji walikuwa wamehifadhi mambo ambayo maandishi rasmi yaliyapuuza. Kwa kazi hiyo, wimbo wa kilabuni na wa nyumbani ulipata hadhi ya ushahidi wa kitaaluma.

Kizazi kilichofuata kilitoka katika kumbukumbu kikaingia katika harakati. Mwezi Septemba 1965 wachumaji wa zabibu wa Delano, California, waligoma. Mgomo ulianzishwa na wafanyakazi wenye asili ya Ufilipino, kisha chama kilichoongozwa na César Chávez na Dolores Huerta kikajiunga nao. Katika mwaka huo huo Luis Valdez aliasisi El Teatro Campesino, kikundi kilichoigiza michezo mifupi juu ya malori kandokando ya mashamba, waigizaji wakiwa wachumaji wenyewe. Mwaka 1967 Rodolfo "Corky" Gonzales, aliyewahi kuwa bondia, alitoa utenzi wake mrefu Yo soy Joaquín, ambao nafsi yake moja inabeba historia nzima ya Wachikano. Mwaka 1971 Tomás Rivera, mtoto wa wafanyakazi wa kuhamahama mashambani, alichapisha ...y no se lo tragó la tierra, riwaya ya vipande vifupi vinavyofuata muundo wa masimulizi ya mdomo. Jina lenyewe la Chicano, lililokuwa tusi, likageuzwa kuwa fahari.

Nchi ya chai kabla ya chai

Msafiri apitaye Kericho leo huona zulia la kijani lisilo na mwisho, akadhani kwamba chai ni ya tangu na tangu. Sivyo. Ardhi hiyo ilikuwa malisho na mashamba ya Wakipsigis. Mwaka 1905 serikali ya kikoloni ilituma jeshi Sotik likiwa na bunduki za Maxim, kwa sababu iliyotajwa kuwa Wakipsigis wa huko walikataa kurejesha ng'ombe na watu waliotekwa kutoka kwa Wamaasai. Idadi inayotajwa mara nyingi ya waliouawa ni 1,850. Baada ya hapo walowezi walianza kugawiwa ardhi.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ekari zipatazo 25,000 za Kericho zilitengwa kwa ajili ya maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Mradi huo ulianguka upesi bei ya kitani iliposhuka. Hata hivyo, ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia, na chai ikapandwa. Wenyeji wengi waligeuka maskwota katika ardhi ya baba zao, nao wachumaji wa majani chai wakaletwa pia kutoka Gusii, Nyanza na magharibi mwa Kenya.

Pigo jingine lilikuja mwaka 1934. Ukoo wa Talai, uliotoa viongozi wa kiroho waitwao orkoiik, ulionekana na wakoloni kuwa chimbuko la upinzani. Sheria maalumu ilitungwa, na watu wapatao 700 wakahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, katika eneo ambalo sasa limo katika Kaunti ya Homa Bay. Huko waliishi katika joto, malaria na mbung'o hadi nchi ilipokaribia uhuru.

Jina kama shairi la kwanza

Utambulisho huanza kwa jina. Katika nyaraka za kikoloni Wakipsigis waliitwa Lumbwa, jina ambalo hawakujipa wenyewe na ambalo hawakulipenda. Tofauti na Wachikano, waliolitwaa jina la kudharauliwa na kulivaa kama nishani, Wakipsigis walilikataa kabisa na kushikilia lao. Hata mji wa reli uliokuwa ukiitwa Lumbwa sasa huitwa Kipkelion.

Jina pana zaidi la Kalenjin lina asili inayomfaa sana mwanafasihi. Lilienea katika miaka ya 1940, kutokana na matangazo ya redio ya wakati wa vita na kutokana na wanafunzi wa shule ya Alliance waliotaka kuziunganisha jamii zenye lugha zinazokaribiana. Maana yake ni "nakwambia". Kwa maneno mengine, mamilioni ya watu hujitambulisha kwa fomula ya fanani anapoiita hadhira yake. Ni nadra kupata jamii ambayo jina lake lenyewe ni tendo la kusimulia.

Zimwi lenye taa na nyoka wa chuma

Miongoni mwa Wakipsigis ngano huitwa atindonik. Msimulizi wake wa jadi ni kogo, yaani nyanya, na ukumbi wake ni nyumba yake wakati wa usiku. Katika ngano hizo na zile za Wanandi, ambao ni jamaa zao, yumo zimwi aitwaye chemosit. A. C. Hollis, aliyeandika kuhusu Wanandi mwaka 1909, alimweleza kuwa ana mguu mmoja na mdomo mwekundu unaong'aa gizani kama taa. Usiku huimba, watoto wanaodhani kwamba pana ngoma huufuata mwanga na sauti, wakaliwa.

Haifai kudai kwamba chemosit alibuniwa ili kumsawiri mkoloni, kwa maana zimwi huyu ni mkongwe kuliko chai. Hata hivyo, ngano haina maana moja iliyogandishwa. Mtoto aliyekulia katika laini za wafanyakazi, anayeziona taa za kiwanda zikiwaka usiku kucha na ambaye mzazi wake alivutwa huko na ahadi ya mshahara, ana sababu ya kumsikia chemosit kwa sikio jingine. Hapo ndipo penye nguvu ya utanzu huu: humpa mnyonge lugha ya kulisema jambo bila ya kulitaja.

Masimulizi ya unabii husema waziwazi zaidi. Husimuliwa kwamba Kimnyole arap Turukat, orkoiyot wa Wanandi aliyeuawa na watu wake mwenyewe mnamo mwaka 1890, alitabiri kuja kwa wageni weupe na nyoka atemaye moto na moshi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na wasimulizi wakamwona nyoka huyo. Mwanawe Kimnyole, Kipchomber arap Koilegen, aliongoza Talai miongoni mwa Wakipsigis, naye akahamishwa na wakoloni mwaka 1914. Kisakale hiki kinaeleza kwa nini ukoo mmoja uliogopwa kiasi cha kutungiwa sheria. Aidha kinabeba lawama ya ndani: jamii iliyomuua mjumbe wake iliupokea ujumbe kwa gharama kubwa.

Chemirocha: kumeza sauti ya mgeni

Mfano unaojulikana zaidi ulimwenguni kutoka nchi hii haukuanza kama malalamiko. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alifika Kapkatet, iliyokuwa katika Wilaya ya Kericho, akarekodi nyimbo tatu zenye jina Chemirocha. Katika ule uliopata umaarufu zaidi, Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake waliimba kwa kufuatana na kinubi. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekuwa mfanyakazi wa reli na aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake ziliwafikia Wakipsigis kwa gramafoni.

Mwanaisimu atatambua kilichotokea. Sauti za Kiingereza zilipitishwa katika kanuni za fonolojia ya Kikipsigis, kisha jina likapata umbo linalolandana na majina ya kike yanayoanza kwa Che-. Mwanafasihi ataona zaidi ya hapo. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, wasichana hao walimwazia mgeni huyo kama kiumbe nusu mtu, nusu paa, wakamwalika acheze nao. Mgeni aliyekuja kwa mashine akatiwa katika kundi la viumbe wa ngano, akapewa jina la nyumbani na kuambiwa acheze kwa mdundo wa wenyeji.

Katika muongo wa 2010 maktaba ya muziki aliyoiasisi Tracey nchini Afrika Kusini ilishirikiana na wanamuziki wa Kenya kurejesha nakala za nyimbo hizo Kapkatet. Tukio hilo linazua suala la haki. Kwa zaidi ya nusu karne sauti za watu wa Kericho zilikuwa zimehifadhiwa na kusikilizwa mbali na Kericho. Kama ilivyo kwa majani chai, kilichovunwa hapa kilisindikwa na kusifiwa kwingine.

Masimulizi yanapokuwa ushahidi

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi. Wakipsigis na Talai waliwasilisha madai yao, na wazee wakaeleza waliyoyaona na waliyoyapokea kutoka kwa wazazi: nyumba zilizochomwa, mifugo iliyotwaliwa, safari ya Gwassi. Mwaka 2019 tume hiyo iliona kwamba madai yao yalikuwa na msingi. Mwaka 2021 wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa walieleza wasiwasi wao kuhusu kimya cha Uingereza, na mwaka 2022 shauri likapelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mfalme Charles III alipozuru Kenya mwaka 2023 alieleza huzuni na majuto yake juu ya maovu ya ukoloni, lakini hakutoa radhi rasmi.

Msomaji wa fasihi ana jambo la kujifunza hapa. Wakili na msimulizi hawatafuti kitu kimoja. Wakili hutaka tarehe, mpaka na idadi. Msimulizi hutoa jina la mto, rika la waliokuwapo na kilio cha mama. Palipo na tarehe ya Kizungu, mzee husema kwamba jambo fulani lilitokea wakati rika fulani lilipokuwa likitahiriwa. Rika la Kipsigis, kama vile Maina, Chumo au Kaplelach, ni kalenda kamili kwa ajuaye kuisoma. Kwa asiyejua, huonekana kuwa maneno matupu. Kisa cha Gregorio Cortez na farasi wake kinafundisha gharama ya mkalimani asiyejua tofauti ndogo za lugha ya shahidi.

Utambulisho usio na haki

Hadi hapa ulinganisho umekuwa wa kupendeza. Ungekuwa wa uongo kama ungeishia hapo. Masimulizi yanayosema "ardhi hii ni yetu" yana upande wa pili: "basi ninyi si wa hapa". Wachikano walilijua tatizo hilo. Tamko lililotolewa Denver mwaka 1969 liliita eneo la kusini-magharibi mwa Marekani kwa jina la Aztlán, nchi ya asili ya mababu. Wito huo uliwaunganisha wengi. Lakini eneo hilo lilikuwa pia nchi ya mataifa mengine ya wenyeji, na wanawake wa Kichikano waliona kwamba familia iliyosifiwa katika mashairi ya wakati huo ilikuwa ile inayoamriwa na wanaume. Gloria Anzaldúa, katika Borderlands/La Frontera ya mwaka 1987, aliandika kwa Kiingereza na Kihispania vilivyochanganywa, akisisitiza kwamba mtu wa mpakani ana haki ya kuwa zaidi ya kitu kimoja.

Katika nchi ya chai suala hili si la nadharia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nyumba zilichomwa na watu wakauawa katika mpaka wa Sotik na Borabu, baina ya Wakipsigis na Wagusii, na wafanyakazi wa jamii nyingine wakafukuzwa katika mashamba ya Kericho. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa wachumaji wa majani chai, watoto na wajukuu wa watu walioletwa na kampuni zile zile zilizoimiliki ardhi iliyoporwa. Hawakumpokonya mtu yeyote ardhi. Hata hivyo, simulizi ya haki iliyofumbwa katika utambulisho mmoja iliwageuza kuwa adui, ilhali aliyenufaika hakuguswa.

Kwa watu wa Ndanai na vijiji vinginevyo vya upande wa Sotik, jirani huyo hukutana nao sokoni. Watoto wanaorithi masimulizi ya Sotik ya 1905 wanarithi pia ya 2008. Fanani atakayesimulia la kwanza na kulificha la pili atakuwa amehifadhi utambulisho na kuipoteza haki.

Nafasi ya Kiswahili

Mwezi Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchumia majani chai huko Kericho, wakizilaumu kwa kuwanyima watu kazi. Mashine haiulizi kabila la mchumaji anayepoteza kibarua. Nayo malalamiko ya mchumaji wa Kipsigis, wa Kigusii, wa Kiluo na wa Kiluhya, wanapokutana kambini, husemwa kwa Kiswahili. Hicho ndicho Kiswahili cha mizani, cha zamu na cha mazishi, chenye maneno kama mursik ambayo yameingia bila ya kuomba ruhusa.

Kiswahili kina jadi ndefu ya ushairi unaotetea. Muyaka bin Haji aliitetea Mombasa kwa beti mbele ya watawala wa Zanzibar. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973, akiwa gerezani kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa. Jadi hiyo haijawahi kuufikia ukulima wa chai kwa kadiri inayostahili. Utendi wa Gwassi haujulikani katika Kiswahili kama ujulikanavyo Utenzi wa Vita vya Maji Maji.

Kuna hofu kwamba kuyaleta masimulizi haya katika Kiswahili kutayaua katika Kikipsigis. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni kuchapisha lugha zote mbili ubavuni mwa kila moja, kama Gonzales alivyoutoa utenzi wake kwa Kiingereza na Kihispania. Yupo pia mtangulizi wa nyumbani: Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu wa Kericho, aliyechapisha Oral Traditional History of the Kipsigis mwaka 1979. Ciarunji Chesaina alifuata kwa kitabu kuhusu fasihi simulizi ya Wakalenjin mwaka 1991. Kazi zote mbili ni za Kiingereza. Mlango wa Kiswahili bado haujafunguliwa vya kutosha.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Wachikano na Wakipsigis walinyang'anywa ardhi kwa hati, nao wakajibu kwa ulimi. Majina, ngano, visakale na nyimbo zao ziliwaambia wao ni nani wakati ambapo nyaraka za serikali ziliwaita wengine. Aidha yameonyesha kwamba utambulisho peke yake waweza kumdhulumu jirani aliye mnyonge vilevile.

Kutokana na hayo, mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka nchi ya chai ana kazi tatu. Kwanza, ayakusanye masimulizi ya wazee kwa lugha yao na kwa maelezo kamili ya mahali, rika na hali ya uwasilishaji. Pili, ayafasiri kwa uangalifu wa mtu anayejua kwamba tofauti ya neno moja iliwahi kumwaga damu. Tatu, akishamaliza nyumbani kwa kogo, avuke mto aende Borabu akasikilize masimulizi ya upande wa pili, kisha ayaweke yote katika kitabu kimoja. Wahenga walisema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Inafaa kuongezwa kwamba asikilizaye mila yake tu naye hajawa huru.